Kibali cha Maji si Hati ya Kumiliki Chemchemi

Imekuwa desturi siku hizi kwa kampuni zenye hoteli na mashamba makubwa kutangaza kwamba zinayatunza maji kwa manufaa ya wananchi. Tangazo huwa na picha: bomba jipya, akina mama wenye ndoo, meneja anayefungua koki, na kiongozi wa Serikali anayepiga makofi. Hakuna ubaya katika kumjengea mwananchi bomba. Ubaya umo katika maneno yafuatayo baada ya makofi, kwamba kampuni imewagawia wananchi maji. Kampuni haiwezi kugawa kitu kisicho chake. Na katika Wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako maji ya hoteli, ya kahawa, ya vitunguu, ya ng'ombe na ya shule za msingi hutoka katika msitu mmoja, kosa hilo la maneno limekwisha kuzaa makosa ya matendo.

Lazima kwanza ifahamike maji hayo yanatoka wapi. Msitu wa hifadhi wa nyanda za juu umeyafunika mabega ya Mlima Oldeani na miteremko ya nje ya kreta ya Ngorongoro, penye urefu unaozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hukwama hapo. Ukungu huilowesha miti hata siku zisizo na mvua, na maji hupenya polepole katika miamba ya volkano mpaka yatokeze chini kama chemchemi. Mengine huteremkia vijiji na mashamba ya Karatu. Mengine hutokeza mbali zaidi bondeni, huko Mang'ola, ambako chemchemi ya Qangded hunywesha mashamba ya vitunguu kabla ya salio lake kwenda kupotelea katika Ziwa Eyasi, ziwa la chumvi lisilotoa mto wowote. Karatu juu kuna mvua ya kuridhisha; bonde la Eyasi ni kame. Kwa hiyo mkulima wa Mang'ola, na pamoja naye Mdatoga na ng'ombe wake na Mhadzabe, huishi kwa mvua iliyonyesha juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Walowezi wa Kijerumani waliojitwalia mashamba Oldeani katika miaka ya 1920 na 1930 walilijua hilo vizuri. Hawakujenga nyumba zao bondeni. Walijipanga kando ya msitu, mahali vijito vinapotoka, hata kila aliyekuwa chini yao akawa mtu wa kupokea masalio. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba yale yalibadili mikono, na baadhi yake leo yanalima kahawa na kulaza watalii kwa wakati mmoja. Walowezi wale wameondoka, lakini mpangilio wao wa ardhi ungalipo: mwenye fedha nyingi yuko juu karibu na chemchemi, na mwenye ndoo yuko chini.

Ndiyo sababu nchi hii haikuiachia bahati suala la nani mwenye maji. Sheria ya Matumizi ya Maji Namba 42 ya mwaka 1974 ilitamka wazi kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 ilichukua nafasi ya ile ya zamani, lakini haikuung'oa msingi wake. Maji ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kampuni hupewa kibali cha kutumia kiasi kilichotajwa, kwa kazi iliyotajwa, kwa masharti yaliyotajwa. Kibali hicho chaweza kupunguzwa maji yanapopungua. Tena sheria hiyo imepanga foleni: kwanza huja maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji yanayoachwa kwa ajili ya mazingira yenyewe, ndipo zije shughuli za uchumi kadiri maji yanavyoruhusu. Bwawa la kuogelea limo katika kundi hilo la mwisho. Bustani ya majani mabichi mwezi wa Septemba nayo imo humo.

Wako watetezi wa kampuni wasemao kwamba kisima cha hoteli kimechimbwa kwa fedha za hoteli, pampu imenunuliwa na hoteli, na mafuta au umeme hulipiwa na hoteli. Basi mwananchi ana haki gani ya kuhoji? Hoja hii si mpya. Mwalimu Nyerere aliijibu mwaka 1958 katika kijitabu chake cha Mali ya Taifa, alipokuwa akizungumzia ardhi: binadamu huweza kudai alichokitengeneza kwa jasho lake, lakini hawezi kudai kitu ambacho hakukiumba. Aliyefyeka pori anadai malipo ya kufyeka. Vivyo hivyo aliyechimba kisima ni mwenye bomba, mwenye pampu, mwenye tangi na mwenye uzio. Maji yapitayo ndani ya bomba hayakutengenezwa na mtu yeyote katika bodi ya wakurugenzi. Yametengenezwa na msitu, na msitu umelindwa kwa kodi za wananchi na kwa kuwazuia wanavijiji wa mpakani wasikate mti wala kulisha mifugo humo wapendavyo. Mwanakijiji wa Ayalabe au Rhotia aliyeacha kuchoma mkaa msituni amechangia kisima cha hoteli kuliko mhasibu wa hoteli anavyodhani.

Ubishi wa kweli, hata hivyo, hauko kwenye umiliki. Wanasheria wa kampuni wenyewe wanajua kwamba hapo hawana pa kusimama. Uko kwenye kuonekana. Mfereji wa Mang'ola uko wazi. Maji hugawanywa kwa zamu, na mkulima akifungua mlango wa mfereji saa isiyo yake, jirani ataliona shamba limelowa asubuhi na ugomvi utafika kwa kamati kabla ya saa nne. Wakulima wale si malaika. Wako wanaoiba zamu, wako wanaolima mpaka kwenye midomo ya chemchemi, wako wanaoyaacha maji yapotee njiani katika mifereji ya udongo. Lakini wizi wao ni wizi wa hadharani, unaojulikana kwa jina na unaokaripiwa kwa jina. Kisima kirefu kilicho nyuma ya ukuta wa hoteli hakimwagi maji njiani wala hakimlowanishi jirani. Huvuta kimya kimya usiku na mchana, na jirani hujua tu kwamba kisima chake kifupi kimeanza kutoa matope. Hawezi kuthibitisha chochote. Hana kipimo, hana nakala ya kibali, wala hana mahali pa kuuliza karibu, maana makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye dhamana juu ya maji yaendayo Eyasi, yako Singida.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Rasilimali ya pamoja haiwezi kusimamiwa kwa pamoja ikiwa upande mmoja unahesabiwa ndoo na upande wa pili hauhesabiwi.

Itazamwe Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, iliyokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ni sheria njema. Mkulima mdogo wa vitunguu anaifahamu vizuri mno, kwa kuwa kila kampeni ya kulinda vyanzo vya maji huanzia shambani kwake kwa futi ya kupimia. Afisa hushuka kwenye gari, hupima, huweka alama, na mkulima hung'oa. Je, ni maofisa wangapi wenye futi hiyo hiyo waliokwisha kubisha lango la hoteli wakaomba kusoma dira ya kisima? Lango lina mlinzi, lina kitabu cha wageni, na huenda meneja akawa safarini. Shamba la kitunguu halina lango. Ukali wa sheria usipimwe kwa urahisi wa kuingia.

Ukubwa wa tofauti hiyo umekwisha kupimwa kwingine ndani ya Jamhuri hii. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa matokeo ya uchunguzi wa maji katika vijiji vya pwani vya Zanzibar vyenye hoteli za kitalii. Kaya ya mwenyeji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya kulala wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195, yaani zaidi ya mara 30 ya kaya nzima yenye baba, mama, watoto na bibi yao. Karatu si Kiwengwa. Baridi ya Karatu haimwalika mgeni kuoga mara tatu kwa siku. Lakini wageni wengi waendao kreta hulala Karatu, mabwawa ya kuogelea yapo, mashine za kufulia mashuka zipo, na bustani zipo. Wenye hoteli wakidai kwamba wao wanatumia kidogo kuliko wenzao wa pwani, dawa ni rahisi: wasome dira zao hadharani.

Baadhi ya watu hudhani kwamba hatari ya kampuni katika maji ilikwisha pale Dar es Salaam. Kisa kile kinajulikana. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa maji ya jiji Agosti 2003, ikashindwa kutimiza iliyoahidi, na Serikali ikauvunja mkataba Mei 2005. Wenye hisa wa kigeni walikimbilia baraza la usuluhishi la kimataifa, ambalo mwaka 2008 lilisema kwamba Serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake, lakini halikuwapa fidia hata senti moja. Tangu hapo kampuni inayotaka kuuza maji ya bomba hutazamwa kwa macho makali, kama ipasavyo. Kampuni ya Karatu haiuzi maji. Inauza kitanda, inauza chakula cha jioni, inauza kahawa. Maji yamefichwa ndani ya kitanda. Yamefichwa pia ndani ya gunia la kahawa, kwa kuwa kahawa ya mashamba yale humenywa, huchachushwa na kuoshwa kwa maji kabla ya kuanikwa, na maji machafu yatokanayo na kazi hiyo lazima yaende mahali fulani, yaani chini, kwa mwenye ndoo. Kwa sababu bidhaa hiyo haiitwi maji, hakuna bei ya maji inayojadiliwa. Mamlaka za maji za mijini hupangiwa bei na EWURA na kukosolewa kila mwezi na wateja wao. Mwenye kisima chake binafsi hulipa ada ya kibali kwa Bodi ya Bonde, kisha husahauliwa.

Upande wa Ngorongoro jambo hili lina uchungu wa aina yake. Mwaka 1959, Hifadhi ya Serengeti ilipotenganishwa na Ngorongoro, Wamasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa kutengenezewa maji huko walikohamia, ili wasijutie mito na visima walivyoviacha. Mabwawa na visima vilijengwa, na miaka ilivyopita vingi viliachwa vikaharibika. Mwaka 1974 wakazi wa chini ya kreta walihamishwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 Serikali iliagiza kwamba hata ng'ombe wasishushwe tena kretani kunywa maji na kulamba chumvi. Kila hatua ilielezwa kwa sababu za hifadhi, na sababu za hifadhi ni sababu za kweli: mahali pale ni urithi wa dunia tangu mwaka 1979. Lakini hoja ya hifadhi ikimfikia mwenye ng'ombe huwa amri, na ikiufikia ukingo wa kreta penye hoteli huwa kadi iliyowekwa juu ya kitanda, ikimsihi mgeni kwa upole atumie taulo lile lile kwa siku ya pili. Yule hukatazwa, huyu huombwa. Mtoto yeyote wa shule huona kwamba mizani hiyo imeinama.

Haifai kabisa kuhitimisha kwamba hoteli zifungwe au mashamba yagawanywe. Utalii huleta fedha za kigeni na hutoa ajira kwa vijana wa Karatu, kahawa vilevile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kampuni hizi zimekwisha kuvuka siku ya tatu. Jembe lenyewe si msaada wa bomba moja kwa mwaka. Msaada hutolewa na mwenye nacho apendapo, kwa kiasi apendacho, kwa kijiji akipendacho, na husimama apendapo. Kijiji kisichoshukuru vya kutosha hukosa. Huo ni uhusiano wa bwana na mtwana, hata ukiandikwa kwa lugha laini ya uwajibikaji kwa jamii. Kampuni ikitaka kweli kuyatunza maji pamoja na wenzake, na iketi nao: iingie katika jumuiya ya watumia maji ya kijito chake, kwa kiti kimoja kama watumiaji wengine, ikiwakilishwa na mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana, si karani wa mapokezi aliyetumwa kuandika mahudhurio.

Wasiwasi kwamba wanavijiji hawawezi kusimamia mambo ya kitaalamu hauna msingi. Vijiji vya Karatu viliendesha maji yao kwa chombo chao cha KAVIWASU, kilichozaliwa kwa msaada wa Jimbo Katoliki la Mbulu: walitandaza mabomba, walitoza bili, walibishana juu ya bei mpaka mawaziri wakaitwa. Kubishana juu ya bei ya maji mbele ya watu wote ndiko kusimamia maji. Kampuni hazijawahi kupitia tanuru hilo.

Wala isisemwe kwamba kampuni za kigeni hazikubali kufungwa na utaratibu wa namna hiyo. Nchi jirani ya Kenya ilikumbana na jambo hili mapema zaidi. Ziwa Naivasha, lililozungukwa na mashamba ya maua yauzwayo Ulaya, lilipungua vibaya katika ukame wa mwaka 2009. Mamlaka ya maji ya nchi hiyo ikatengeneza mpango wa mgawo uliofungamanishwa na kina cha ziwa lenyewe: kina kikishuka hadi alama fulani, wachukuaji wakubwa wapunguze, kikishuka zaidi, wapunguze zaidi. Vilevile watumiaji wa chini, wakiwamo wenye maua, walikubali kuwalipa wakulima wadogo wa juu ya mto kwa hati za kununulia pembejeo, ili wapande nyasi na miti ya kuzuia udongo usiporomokee mtoni. Naivasha haikugeuka pepo kwa sababu hiyo, na wafanyakazi wa mashamba yale wana malalamiko mengine mengi. Lakini maua yaliendelea kusafirishwa. Hakuna kampuni iliyokufa kwa kuambiwa kiasi cha maji inachoruhusiwa kuchota.

Kwa hiyo lawama haiwezi kuwekwa yote juu ya kampuni. Kampuni ni kampuni. Itachota mpaka izuiwe. Swali ni kwa watumishi wa umma waliopewa dhamana ya kuzuia. Sheria ipo tangu mwaka 2009, na kibali huandikwa kiasi cha maji. Kiasi hicho si siri ya Taifa. Kwa nini orodha ya vibali vyote vya kata isibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, pamoja na tarehe ya kila kibali na usomaji wa dira wa kila mwezi? Karatasi moja na gundi hazihitaji mfadhili. Afisa atakayesema kwamba hilo litawaudhi wawekezaji atakuwa ametoa siri kubwa kuliko ile aliyotaka kuificha.

Mwaka 1971 Taifa lilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilizirudia mita zile zile 400. Walimu wanajua maana ya mita hizo kuliko wapangaji. Kiangazi kikiingia, mwanafunzi huja shuleni na daftari mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili. Asiye na dumu hurudishwa, au huchelewa kipindi cha kwanza cha hesabu, na huyo aliyechelewa mara nyingi ni msichana. Hakuna dira inayopima dumu lile, lakini kila lita yake imehesabiwa kwa miguu.

Mvua za masika zikikoma mwezi wa Mei, Karatu huwa na majuma machache kabla ya visima vifupi kuanza kushuka, na majira hayo hayo ndiyo hoteli huanza kujaa wageni wa Juni hadi Oktoba. Majuma hayo yanatosha kwa Bodi ya Bonde kutuma watu wake kutoka Singida wasome dira za visima vyote vya kampuni, kimoja baada ya kingine, kuanzia ukingo wa msitu hadi Mang'ola, na kwa Mkuu wa Wilaya kuita mkutano mmoja ambamo wenye hoteli, wenye kahawa, kamati za mifereji na walimu wakuu watakaa katika ukumbi mmoja, huku tarakimu zimeandikwa ubaoni.